Kutoka sanduku la kufuli tatu hadi kwenye simu: mwongozo kamili kwa vikundi vya kuweka na kukopa

Ukihudhuria kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa hapa Dodoma, iwe Hombolo, Bahi au Mvumi, mara nyingi utakuta katikati ya mduara sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe hutunzwa na mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mwenyekiti. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na watu wawili waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Hiyo ni teknolojia, tena iliyofikiriwa sana. Aliyeibuni aliamua kwamba wanakikundi wasilazimike kumwamini mtu mmoja, na kwamba asiyejua kusoma awe na nguvu sawa na katibu. Uamuzi huo haukuishia kwenye katiba ya kikundi. Umechomelewa kwenye chuma.

Sasa vikundi vingi vinashawishiwa kuhamia kwenye simu, na sababu zinazotolewa ni za kweli. Sanduku huibwa. Mtunza sanduku hulala kwa hofu siku ya mgao, yaani ya kugawana akiba mwisho wa mzunguko, ikikaribia. Hesabu za daftari hula nusu ya kikao. Siandiki kuwazuia. Naandika kwa sababu programu ya simu nayo imebeba maamuzi kuhusu nani aaminiwe, nani aone nini na nani asamehewe, ila maamuzi hayo hayaonekani kwa macho kama kufuli zinavyoonekana. Msipoyauliza mapema, mtayagundua siku ya ugomvi.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vikundi, na pia wa vijana wanaotengeneza programu hizi, wakiwamo wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ambao vikundi hivi ni vya mama zao na shangazi zao. Mwendo wake nimeuazima kwa Batya Friedman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake, ambao tangu miaka ya 1990 wamejenga mbinu ya kubuni teknolojia kwa kuanzia kwenye yale watu wanayoyathamini. Wao huuliza mambo matatu na kuyarudia kazi nzima: watu wanathamini nini, wanaishi vipi na kifaa hicho, na kifaa chenyewe kinaruhusu nini na kinazuia nini.

Anayeona hayo ni maneno ya darasani, akumbuke Kongwa, hapa hapa Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walileta pale matrekta na mitambo mizito, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, ili wafyeke pori na kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya kwao. Udongo ule ukikauka hushikana kama saruji, mibuyu ilivunja mitambo, na mvua ikawa ile ile ambayo Wagogo wameizoea vizazi na vizazi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mipango ilichorwa London, na waliokuwa wakiishi na ukame ule kila mwaka hawakuwa mezani.

Hatua ya 1: Andikeni sanduku lenu linafanya nini

Kabla hamjaangalia programu yoyote, tengeni kikao kizima kwa kazi hii. Msiikimbize, maana ndiyo hatua inayobeba zote zinazofuata. Weka sanduku katikati, fungua, toa kila kitu kilichomo, na kwa kila kitu na kila desturi mwulizane: hiki kinamlinda nani, dhidi ya nini?

Kufuli tatu zinajibu haraka: zinalinda fedha dhidi ya kiongozi mmoja mwenye tamaa, na zinamlinda kiongozi mwaminifu dhidi ya kusingiziwa. Msiache hilo la pili, kwa kuwa viongozi wengi wazuri huacha uongozi kwa sababu ya maneno ya watu.

Vitabu vya wanachama je, vile ambavyo kila hisa, yaani kipimo cha akiba anayoweka mtu, hupigiwa muhuri? Katika vikundi vingi vitabu havibebwi nyumbani. Hufungiwa ndani ya sanduku hadi kikao kijacho. Mtu anaweza kudhani ni kwa ajili ya kuzuia mihuri ya kughushi tu. Waulizeni akina mama kwa utulivu, mtasikia sababu nyingine: kitabu kikikaa nyumbani, kuna watu watajua mama ana hisa ngapi, na siku hiyo hiyo ataanza kuombwa.

Halafu kuna salio la kichwani. Katika mfumo huu, uliochipuka Niger mwaka 1991 kwenye kazi za shirika la CARE na wanawake wa vijijini, mwisho wa kikao kiasi kilichobaki hutangazwa kwa sauti, na wanachama wote hupaswa kukikariri. Kikao kijacho huanza kwa kuwauliza wanachama: tuliacha shilingi ngapi? Wakitaja, ndipo sanduku hufunguliwa na fedha kuhesabiwa. Ukaguzi wa hesabu unafanywa na watu ambao pengine hawajawahi kushika kalamu. Kama kikundi chenu bado kina desturi hii, iandikeni kwa wino mzito, kwa sababu ndiyo hupotea kwanza mkihamia kwenye simu.

Mkimaliza mtakuwa na orodha fupi ya mambo mnayoyathamini, kwa maneno yenu wenyewe. Msiandike “uwazi” au “usalama” mkaishia hapo. Andikeni “kila mtu ajue sanduku lina kiasi gani, hata asiyesoma,” au “mume asijue hisa za mke mpaka mke aseme mwenyewe.” Mtengenezaji wa programu hawezi kujenga neno uwazi, lakini sentensi hizo mbili anaweza kuzijenga.

Hatua ya 2: Hesabuni wote watakaoguswa, hata wasio wanachama

Anzeni na simu zenyewe. Nani ana simu janja na bando, nani ana kitochi, nani anatumia simu ya nyumbani inayozunguka? Laini ni ya jina la nani? Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, mama ambaye hakuwa na namba ya NIDA anaweza kuwa anatumia laini ya mume au ya kijana wake. Fedha zikiingia kwenye laini hiyo, mwenye jina ndiye anayetambulika mbele ya wakala na mbele ya kampuni ya simu. Kwenye sanduku jambo hilo halikuwapo.

Kisha waandikeni wasiokaa kwenye mduara: mjukuu anayemsomea bibi meseji, mume, mdhamini, wakala wa sokoni, na ndugu ambao namba zao zimehifadhiwa kwenye simu ya mwanachama. Hao wa mwisho wana sababu ya kutajwa. Wengi tumesikia watu waliokopa kwenye programu za mtandaoni, wakachelewa siku chache, na meseji za kuwaaibisha zikatumwa hadi kwa mkwe na mwajiri. Programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, mtu akabonyeza akubali ili apate mkopo wa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kuanzia leo fuateni sheria hii moja: programu ya kikundi inayotaka kusoma majina na namba zilizomo kwenye simu za wanachama, mwambieni mwenyewe aondoke nayo. Haina kazi na majina hayo.

Hatua ya 3: Tafuteni mahali ambapo mambo mnayoyathamini yanagongana

Vitu vyema hugombana. Mnataka kila mtu aone hesabu, na mnataka siri ya mtu itunzwe. Mnataka fedha ziwe salama, na mnataka mgonjwa asaidiwe usiku ule ule. Sanduku lilishaamua magomvi hayo kwa namna yake. Kwenye simu lazima muyaamue upya, na msipoamua ninyi, kijana aliyeandika programu ameshaamua kwa niaba yenu usiku mmoja akiwa peke yake mbele ya kompyuta.

Chukueni meseji ya baada ya kikao. Programu nyingi zinamtumia kila mwanachama taarifa yake: umeweka hisa tatu, jumla ya hisa zako ni 61, deni lako ni kadhaa. Inaonekana ni jambo jema kabisa. Sasa irudisheni kwenye orodha ya hatua ya kwanza. Meseji hiyo inaingia saa mbili usiku kwenye simu iliyo mezani, familia ikila. Kile kitabu kilichokuwa kikifungiwa sandukuni sasa kinasomwa na nyumba nzima. Na salio la kikundi, ambalo kila mtu alilikariri, meseji haikulitaja.

Yaani programu imegeuza mambo: la kila mtu imelificha, la mtu binafsi imelitangaza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtengenezaji alifikiria benki, ambako mteja huona akaunti yake na basi. Kikundi ni kitu kingine.

Marekebisho yake ni rahisi kama yataombwa mapema. Meseji ya jumla iende kwa wote, bila jina la mtu:

*Kikao cha leo: hisa 84. Fedha taslimu Sh 1,260,000. Mikopo iliyo nje Sh 900,000. Mfuko wa jamii Sh 75,000. Kikao kijacho Jumamosi saa 9.*

Inatosha ndani ya herufi 160 za meseji moja, kwa hiyo haiongezi gharama. Taarifa ya mtu binafsi isitumwe kabisa. Aiombe mwenyewe kwa namba ya siri, wakati anaoutaka, na isibaki kwenye simu baada ya kuonekana. Na desturi ya kukariri salio ibaki kikaoni. Kikao kianze kwa swali lile lile: tuliacha shilingi ngapi? Atakayejibu asisome kwenye simu.

Jambo la pili la kugombana ni haraka na idhini. Kwenye simu mnaweza kuweka kwamba fedha zisitoke mpaka watu watatu waidhinishe, na hiyo ndiyo sura mpya ya kufuli tatu. Lakini mmoja akiwa shambani kusiko na mtandao, mwanachama mwenye mtoto mgonjwa atasubiri. Mimi ningetenganisha: fedha za mikopo ziidhinishwe na watatu, tena siku ya kikao tu, fedha za mfuko wa jamii, ule wa kusaidia wenye shida, ziidhinishwe na wawili kati ya viongozi watano, wakati wowote, hadi kiwango mtakachokipanga. Kikundi kingine kinaweza kuamua tofauti, na ni haki yake. La msingi ni kwamba mliamua mkiwa mmekaa pamoja, na uamuzi uko kwenye katiba yenu.

Hatua ya 4: Mkalisheni mtengenezaji mbele ya kikao

Aje mwenyewe. Asimtume afisa mauzo mwenye fulana na vipeperushi. Muulizeni haya, katibu akiandika majibu na mgeni akisaini:

- Nani anaweza kubadilisha salio letu bila sisi kujua?
- Ukikosea wewe au mfumo, tutagundua vipi, na nani atalipa?
- Fedha zenyewe zinakaa wapi: benki gani, akaunti ya jina la nani?
- Taarifa zetu nani mwingine anaziona, na unazitumia kwa jambo gani lingine?
- Tukitaka kuondoka, tunaondoka na kumbukumbu zetu zote, zikiwa kwenye karatasi, ndani ya siku ngapi?
- Kampuni yako ikifungwa mwezi ujao, nani tutampigia?

Swali la kwanza ndilo zito. Katika programu nyingi kuna mtu anayeitwa msimamizi mkuu, mwenye uwezo wa kuingia kila mahali. Huyo ameshika funguo zote tatu na sanduku lenyewe. Wakati mwingine ni lazima awepo ili kurekebisha makosa. Basi dai kwamba kila anachokibadilisha kiache alama isiyofutika, na meseji iwaendee viongozi watatu papo hapo. Mtengenezaji mzuri atafurahi kuulizwa hivyo. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Kuhusu taarifa, hamwombi hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zitumike kwa lengo hilo, na inampa mtu haki ya kujua zinatumikaje na kuomba zisahihishwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kikundi nacho kiwe kimesajiliwa: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vya kijamii viko daraja la nne, na usajili unafanyika halmashauri. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaelekeza.

Hatua ya 5: Ondoeni hukumu mikononi mwa mashine

Hapa ndipo ninapowasihi vijana wenzangu wanaoandika programu. Faini inayojikata yenyewe ni rahisi sana kuandika, na ndiyo maana programu huwekewa. Saa tisa ikifika, asiyeweka hisa anakatwa.

Tazama mwaka wa Dodoma ulivyo. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mkulima wa mtama na alizeti ametoa kila alichonacho kwenye kulima na mbegu, na Februari ghala limebaki vumbi. Jirani yake mwenye shamba la zabibu anavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo mwezi ule ule yeye ana fedha mkononi. Wote wawili wako kikundi kimoja. Programu inayodai kiwango kile kile kila wiki, na faini ile ile, itamla mmoja wao kila mwaka katika miezi ile ile, halafu mwishoni itamwekea alama mbaya ya ukopaji kana kwamba ni mvivu.

Kwenye mduara mwenyekiti angeuliza: mama fulani yuko wapi? Mtu angesema amefiwa, yuko matangani. Faini ingeishia hapo. Huruma hiyo haikuwa udhaifu wa mfumo. Ndiyo iliyowafanya watu warudi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo dai programu iwe na mambo matatu. Faini iwe pendekezo linalosubiri kikao, na kikao kiikubali au kiifute. Kiwango cha hisa kiweze kubadilika kwa miezi, mtu akiruhusiwa hata hisa moja wakati wa njaa. Na mkopo usikataliwe na alama ya kompyuta peke yake. Kikao ndicho kinachomjua mkopaji. Tukubali pia upande wa pili: huruma ya kikao ina upendeleo. Mke wa kiongozi husamehewa kuliko mjane aliyehamia juzi. Programu inaweza kusaidia hapo kwa kuonyesha mwisho wa kila miezi mitatu ni nani wamesamehewa na mara ngapi, ili kikundi kijitazame chenyewe. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda mashine ifanye: ikumbuke, na watu wahukumu.

Hatua ya 6: Jaribuni na mwanachama mwenye shida kuliko wote

Msijaribu na katibu. Chagueni mzee mwenye kitochi, mpeni muda, na mtengenezaji akae pembeni bila kusaidia. Kazi yake ni kutazama kidole kinasimama wapi.

“Shikamoo bibi. Tunaomba ununue hisa mbili.”

“Marahaba mwanangu. Ngoja miwani.”

Miwani imepatikana, menyu imefunguka, bibi anasoma mstari wa kwanza, wa pili, anageuza simu kwenye mwanga. Kabla hajafika kwenye kubonyeza, menyu imekatika, maana menyu za kubonyeza nyota na reli hazisubiri mtu. Skrini imerudi tupu. Bibi anauliza swali moja tu: “Hela yangu imeenda wapi?”

Haijaenda popote, lakini hakuna kilichomwambia. Kijana akiliona hilo kwa macho yake atarekebisha zaidi ya ukimpa ripoti ya kurasa kumi. Hatua zipunguzwe, kinachotumika sana kiwe namba moja, menyu ikikatika ije meseji: *Hakuna fedha iliyokatwa. Anza tena.* Kwa wazee wanaoelewa Kigogo vizuri kuliko Kiswahili cha kwenye skrini, ujumbe wa sauti unafaa. Mtu wa kikundi aurekodi kwa sauti wanayoijua.

Angalieni pia namba ya siri. Bibi atamtajia mjukuu, na kumkaripia hakutabadilisha kitu. Bora mfumo ukubali kwamba anasaidiwa: amtaje msaidizi wake mbele ya kikao, na kutoa fedha kwa niaba yake kuhitaji idhini ya mwanachama mwingine aliyemchagua mwenyewe.

Hatua ya 7: Pigeni hesabu ya makato

Kwenye sanduku shilingi haikatwi ikiingia wala ikitoka. Kwenye simu kila mwendo unaweza kuwa na ada, na ada hubadilika bila kuwauliza: Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, gharama zilipanda ghafla, na kelele zilipozidi ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo. Chukueni kikao kimoja cha kawaida, andikeni miamala yote, jumlisheni makato, zidisheni kwa vikao vya mzunguko mzima. Kama jumla ni kubwa, hisa zikusanywe taslimu kikaoni na ziingizwe kwenye akaunti mara moja tu, kwa mkupuo.

Hatua ya 8: Endesheni vyote viwili hadi mgao wa kwanza

Daftari na mihuri vibaki mpaka mzunguko mmoja uishe, hata kama mtengenezaji atasema ni kazi mara mbili. Ni kweli ni kazi mara mbili. Kila kikao linganisheni jumla ya daftari na jumla ya simu kabla watu hawajatawanyika. Ikitofautiana, hakuna anayeondoka mpaka kosa lipatikane.

Siku ya mgao, fanyeni hesabu kwanza kwa daftari, kisha fungueni simu. Zikilingana, pigeni kura ya siri: tuendelee na simu, turudi sandukuni, au tuchanganye. Kura iwe ya siri kwa sababu wanaosumbuliwa na simu ndio wanaoona haya kusema mbele ya vijana. Wakishinda wanaotaka kurudi, chukueni kumbukumbu zenu kwa mtengenezaji kama mlivyoandikiana, na mtunza sanduku atafutiwe nyumba yenye mlango imara zaidi. Wakishinda wanaotaka simu, rudieni hatua ya tatu na ya nne kila mzunguko mpya unapoanza, kwa sababu programu hubadilishwa, makato hubadilika, na wanachama wapya huingia wakiwa na simu zao na hofu zao.